Kipofu na Kiziwi katika Kauli ya Kutendwa

Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na neno moja nililoliandika kwa wino mwekundu miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya Kampala ambayo sitaitaja jina. Palikuwa na mwanafunzi aliyepoteza usikivu baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Aliketi nyuma, karibu na dirisha. Siku za imla alikuwa akimtazama jirani yake, kisha akinitazama mimi, kisha akiandika maneno mawili matatu yasiyohusiana kabisa na nilichokuwa nikisoma. Mwisho wa muhula, mahali pa maoni ya mwalimu wa somo, niliandika: "Hasikii." Nilikusudia masikio yake. Baba yake, aliyejifunza Kiswahili jeshini, ambako kusikia ni kutii amri, alilisoma neno hilo kwa maana nyingine. Mtoto alichapwa.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo makala haya yanakusudia kulijadili: katika lugha tunayoifundisha, na katika maandishi tunayowapa wanafunzi wetu, kijana asiyeona na kijana kiziwi hukua lini? Aghalabu twawakuta wakiwa watoto wa kuhurumiwa, au wazee wa kuomba njiani, au watu wa ajabu waliojaliwa jicho la ndani. Lakini kati ya mtoto na mzee pana umri wa kazi, wa mapenzi, wa ndoa, wa madeni na wa kura. Na katika umri huo hawaonekani. Dai langu ni kwamba pengo hilo si dosari ya fasihi tu. Ni sehemu ya ukuta wanaokutana nao vijana hawa wanapotoka shuleni, na sisi walimu wa Kiswahili tumeshiriki katika kuujenga.

Ngeli haina kosa

Wako wahakiki wanaoanza na kuishia katika ngeli. Husema kwamba maneno kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yamewekwa katika ngeli ya KI-VI pamoja na kiti na kijiko, na kwamba hapo ndipo ilipo dharau. Hoja hii ina mvuto, lakini haitoshi. Kwanza, upatanisho wa kisarufi unaikana: hatusemi "kipofu kimefika" bali "kipofu amefika". Pili, katika umbo hilohilo wamo kiongozi, kinyozi na kiranja, na yumo kijana mwenyewe. Sijapata kumsikia kijana akilalamika kwamba ameitwa kitu.

Fauka ya hayo, wenyewe wamekwisha kutoa uamuzi wao, nao haufanani. Nchini Tanzania, viziwi walipounda chama chao walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, bila kulionea haya neno hilo. Kwao kiziwi ni mtu mwenye lugha yake, lugha ya alama. Ndugu zao wa upande wa macho wana Chama cha Wasioona Tanzania. Funzo kwa mwalimu ni jepesi: mwite mtu kwa jina analojiita. Ndiyo sababu mimi hapa nasema "kiziwi" na "asiyeona", na neno "kipofu" naliacha pale tu ninapozungumzia mazoea ya lugha. Ama "bubu", analoitwa kiziwi na wapita njia, si utovu wa adabu tu bali ni uongo, kwa maana anayezungumza kwa mikono hakukosa usemi.

Kosa, basi, halimo katika kiambishi awali. Limo katika kitenzi kinachofuata. Niliwahi kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi la kutunga sentensi kwa neno kipofu. Katika daftari zao vipofu walivushwa barabara, walishikwa mkono, walipewa sadaka, walihurumiwa, waliombewa. Kauli ya kutendwa ilitawala tangu daftari la kwanza hadi la mwisho. Hata pale kitenzi kilipokuwa cha kutenda, kilikuwa "aliomba" au "alijikwaa". Hapakuwa na kipofu aliyenunua, aliyekopesha, aliyechumbia wala aliyekataa. Wanafunzi wangu hawakuwa na ubaya wowote moyoni. Walikuwa wakiandika walichokisoma na kukisikia.

Sasa tazama jinsi lugha yetu inavyompima mtu aliyekua. Mtoto hulishwa, huvishwa, huogeshwa, hupelekwa. Mtu mzima hula, huvaa, huoga, huenda. Safari yote ya utu uzima imo katika badiliko hilo la kauli, na kijana tusiyemtungia kitenzi cha kutenda tumemwacha njiani hata kama ana miaka thelathini.

Kusikia, kuona na methali zetu

Methali ni shule ya utu uzima, kwa hiyo hapana budi tuzichunguze. Twaambiwa: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Twaambiwa pia: sikio la kufa halisikii dawa. Katika zote mbili kusikia ni kutii, na kutosikia ni ukaidi unaostahili adhabu. Si Kiswahili peke yake chenye tabia hii. Katika Luganda, kitenzi okuwulira hubeba maana zote mbili, kusikia na kutii, na mtoto mtukutu wa Kampala huambiwa kwamba hasikii hata kama masikio yake ni mazima. Kwa upande wa macho tunayo "mwenye macho haambiwi tazama", ambayo huchukulia kwamba kuona ndiko kujua.

Sisemi tuzifute methali hizi. Methali haifutwi kwa azimio la mkutano. Nasema tuzifundishe kwa jicho la uhakiki, na tukifanya hivyo tutagundua kwamba hazina hiyohiyo ina dawa yake. "Hujafa hujaumbika" mara nyingi hutumiwa kumtisha mtoto asimcheke mlemavu, lakini maana yake ni pana zaidi: mwenye macho leo na asiye na macho wako katika njia moja, na uumbaji wa wote wawili bado unaendelea. "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho" yatufundisha kwamba desturi ni ya wengi waliopo, na mgeni ndiye anayebadilika. Kwa kipimo hicho, mwalimu asikiaye anayeingia katika darasa la viziwi ndiye mwenye deni la kujifunza alama.

Iliyo nzito kupita zote katika suala letu ni hii: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Watoto viziwi tisa kati ya kumi, au zaidi, huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mama huyo anampenda mwanawe, lakini aghalabu hana lugha ya pamoja naye, zaidi ya ishara chache za nyumbani za kula, kulala na kufua. Basi hakufunzwa na mamaye. Si kwa uzembe wa mama, bali kwa kukosa lugha. Je, ulimwengu utamfunza? Ulimwengu nao hufunza kwa mdomo, kwa redio, kwa kunong'ona barazani. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880 uliamua kwamba usemi wa midomo utangulizwe na alama ziachwe. Uamuzi huo ulitawala shule nyingi duniani kwa karibu miaka mia, nazo shule za kwanza za viziwi za Afrika Mashariki zilifuata mkondo huo. Ulikuja kukataliwa rasmi na mkutano wa namna hiyohiyo mjini Vancouver mwaka 2010. Kwa muda wote huo, methali yetu haikutimia kwa kiziwi upande wowote, si kwa mama wala kwa ulimwengu.

Mfano kutoka Misri

Je, pana maandishi yanayomwonyesha asiyeona akikua? Yapo, na moja lastahili kujulikana na walimu wetu: Al-Ayyam, yaani Siku, masimulizi ya maisha ya Taha Hussein wa Misri, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka ikiwa kitabu mwaka 1929. Mwandishi alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji cha Misri ya Juu na akapoteza macho akiwa mtoto mdogo. Hajiiti "mimi", humsimulia "mvulana", kana kwamba amtazama mtu mwingine kwa mbali.

Pana tukio la mezani ambalo ni kiini cha kitabu. Mvulana anachukua tonge kwa mikono miwili, kinyume cha desturi. Ndugu zake wanacheka, mama analia, baba anamweleza kwa upole na huzuni namna ya kula. Usiku ule mvulana halali vizuri. Tangu hapo anajinyima vyakula vyote vinavyohitaji kijiko, na anapendelea kula peke yake. Tazama jinsi mwandishi alivyo mwangalifu: hakuna mtu mbaya katika tukio hili. Kicheko ni cha ndugu, machozi ni ya mama mwenye mapenzi, na baba ana huruma. Hata hivyo kijana anafungiwa mlango, na anayeufunga ni yeye mwenyewe, kwa aibu. Huruma ya nyumba nzima haikumpa alichokihitaji, ambacho ni kuzoea kula mbele ya watu bila kutazamwa kama ajabu.

Maisha yake ya baadaye yanajulikana. Aliingia Al-Azhar mwaka 1902, akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Cairo mwaka 1914, akasoma Paris, akaoa huko mwaka 1917, na mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa nchi yake. Hapa msomaji ana haki ya kupinga: huyu ni mtu mmoja kati ya mamilioni, na kumtukuza ni kuwaambia vijana wengine kwamba wasipokuwa mawaziri wamekosa bidii. Nakubali hatari hiyo ipo. Lakini nadhani tunamsoma vibaya tukimsoma kama shujaa. Kitabu chenyewe chaonyesha kwamba njia yake ya kwanza haikuwa ya ajabu. Katika Misri ya wakati ule, asiyeona aliyehifadhi Kurani alikuwa na kazi inayoeleweka na kila mtu, na Al-Azhar ilikuwa imezoea kuwapokea wanafunzi wasioona kwa karne nyingi. Kiti kilikuwa tayari. Mvulana aliweza kuwajua watu wazima wasioona wanaofanya kazi na wanaoheshimiwa kabla yeye mwenyewe hajakua. Hili ndilo jambo la kulileta Kampala, wala si cheo cha uwaziri.

Jando lisilosikika

Jamii zetu hazikuuacha utu uzima uje wenyewe. Pwani pana jando na unyago, pana kungwi na somo wa kumfunda mwari. Buganda pana ssenga, shangazi upande wa baba, ambaye humfunza binti mambo ya mwili, ya ndoa na ya kujitunza. Mafunzo hayo ni ya maneno: nyimbo, mafumbo, kunong'ona. Binti kiziwi anaweza kuketi humo chumbani siku zote na kutoka alivyoingia. Kijana kiziwi wa Kigisu anaweza kusimama imara mbele ya kisu cha imbalu kama wenzake, kwa kuwa ushujaa huonekana. Lakini mausia yanayofuata tohara husemwa, nayo humpita.

Serikali na mashirika yaliposhika kazi ya kungwi, yalirudia kasoro hiyohiyo kwa vyombo vipya. Uganda ilisifiwa duniani katika miaka ya 1990 kwa namna ilivyosema wazi juu ya ukimwi. Kampeni ile ilipita redioni na katika mabango ya barabarani. Redio haikumfikia kiziwi. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini asiye na macho aliambiwa nini na bango?

Kwa hiyo basi, anachokosa kijana huyu si mfadhili. Wafadhili anao, nao humweka katika kauli ya kutendwa. Anachokosa ni kungwi wa kwake, yaani mtu mzima kiziwi au asiyeona aliyeipita njia hiyohiyo, anayejua namna ya kupanga chumba, kumjibu mwajiri, kumtongoza mtu kwa adabu na kukataa kuguswa asikotaka. Kampala haina uhaba wa watu hao. Ntinda pana Shule ya Viziwi ya Uganda, na wako watu wazima waliopitia shule za namna hiyo. Kyambogo pana kitivo cha elimu ya mahitaji maalumu, na kamusi ya lugha ya alama ya Uganda ilitolewa mwaka 2006. Katiba ya mwaka 1995 iliitaka Serikali iikuze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, jambo ambalo katiba chache duniani zilikuwa zimelitaja wakati huo. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni, na mkalimani akasimama mahali ambapo wabunge wote walimwona. Mtoto kiziwi aliyeiona picha hiyo alipata kitu ambacho hotuba elfu moja za huruma zisingempa, yaani kitenzi cha kutenda chenye mtendaji anayefanana naye.

Mtihani wetu

Sasa tuje nyumbani, katika somo letu wenyewe. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini neno "lazima" likimfikia kiziwi pamoja na imla na kusoma kwa sauti, linakuwa fimbo ileile niliyoianza makala haya nayo.

Nchini Kenya, mtahiniwa kiziwi huruhusiwa kufanya mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Uamuzi huo una haki ndani yake: umeitambua lugha ya alama kuwa lugha kamili yenye sarufi, inayoweza kusomwa na kutahiniwa. Hata hivyo, maneno "badala ya" yananitia wasiwasi. Lugha ya alama ni ya kwanza, nayo ndiyo ya kumfundishia kila kitu kingine. Lakini haiandikwi katika barua, na fundi wa kiziwi hana budi kuandikiana na wateja wasioijua. Tukimwondolea Kiswahili cha kuzungumzwa tumemtendea haki. Tukimwondolea na cha kuandikwa tumempunguzia mlango.

Nasema hivi kwa sababu nilikutana tena na yule mwanafunzi wangu. Ni fundi viatu, ana kibanda chake, na kazi anaijua vizuri. Wateja humwonyesha kwa kidole palipochanika, na bei hupatana kwa vidole. Nilipompa kiatu changu alinitambua kabla sijamtambua. Kisha akatoa simu na kunionyesha ujumbe. Mfanyabiashara kutoka Kongo, anayenunua viatu vilivyotengenezwa upya, alikuwa amemwandikia kwa Kiswahili akiuliza kama atapata jozi arobaini kabla ya Jumamosi. Alinipa karatasi na kalamu ili nimwandikie maana yake kwa Kiingereza, kwani Kiingereza kidogo alikipata katika shule nyingine. Ujumbe ulikuwa na maneno tisa. Alikuwa amekaa katika darasa langu mwaka mzima.

Kwa asiyeona njia ni nyepesi zaidi, lakini imejaa uzembe wetu. Maandishi yetu huingia katika nukta nundu bila taabu, kwani hatuna herufi ngeni, na ng' yahitaji ritifaa tu. Kikwazo kikubwa ni vitabu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 huruhusu taasisi zinazokubaliwa kutengeneza nakala za nukta nundu na za sauti bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki, na nakala hizo zivuke mipaka. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020. Kwa maneno mengine, riwaya ya Kiswahili iliyokwisha kutiwa nukta nundu Nairobi au Dar es Salaam yaweza kuletwa kihalali hadi Kampala. Sheria imefungua mlango. Aliyebaki ni mwalimu wa kuagiza. Kijana asiyeona anayesomewa kila kitu na wengine hasomi, anasomewa. Hana barua ya siri, hana kitabu cha kukirudia usiku peke yake. Na kuwa na siri yako, tangu barua ya mapenzi hadi namba ya siri ya pesa za simu, ni sehemu kubwa ya kuwa mtu mzima.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ngeli haina kosa, kwamba methali zetu zina sumu na dawa pamoja, na kwamba kinachomchelewesha kijana asiyeona na kijana kiziwi katika lugha yetu ni kitenzi tunachompa. Sidai kwamba kitenzi peke yake kitampatia mtu kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 ina kazi yake, waajiri wana yao, na wazazi wana yao. Lakini iliyo yetu haitafanywa na mtu mwingine.

Ndugu walimu, imla si amri iliyoshuka mbinguni. Kiziwi aweza kuandika Kiswahili kutokana na picha, au kutokana na hadithi iliyosimuliwa kwa alama, na tukamsahihisha kwa haki kama wenzake. Tunapotunga mifano ya sarufi, tumtungie asiyeona sentensi ambamo anauza, anashitaki, anaoa au anaolewa, anakosea na kulipa kosa lake. Tunapofundisha sura ya maisha ya ujana, tumwalike mtu mzima kiziwi pamoja na mkalimani wake, aje kama kungwi, wala asije kama kielelezo cha huruma. Na wenye tajiriba ya kufundisha Kiswahili katika shule za viziwi na za wasioona, hasa walimu ambao wenyewe ni viziwi au hawaoni, waandike katika taarifa yetu hii watusahihishe.

Mimi ripoti sijaacha kuzijaza kwa wino mwekundu. Neno "hasikii" nimeliacha. Mahali pake sasa huandika ni nini mwanafunzi aliweza kukifanya, kwa kitenzi cha kutenda, na pale ninapokikosa kitenzi hicho najua kwamba aliyeshindwa mtihani muhula huo ni mimi.